Mlango wa Nusu wa Nyumba Yetu ya Laini

Enzi zetu mlango ulifunguliwa kabla uji haujachemka. Nyumba iliyokuwa bado imefungwa jua likishapanda ilikuwa na maana mbili tu: ndani kuna mgonjwa, au wenyewe wamegombana. Jirani akiona hivyo alikuja, akasimama mbali kidogo, akapiga hodi, akakohoa, akapiga hodi tena. Hakugonga. Kugonga mlango wa mtu kwa ngumi ilikuwa kazi ya polisi, na katika miaka ile ya hali ya hatari polisi walikuwa wamegonga vya kutosha.

Naandika haya kwa wenzangu wa rika langu, mliokulia laini za mashamba ya wazungu kati ya Rongai na Njoro katika miaka ya hamsini. Watoto wetu wakisikia neno laini wanafikiri tunazungumzia simu. Laini yetu ilikuwa safu ya nyumba za wafanyakazi, za udongo na nyasi, zilizojengwa chini ya mteremko ili moshi wetu usimfikie bwana. Nyumba yake ilikuwa juu, nyuma ya mikaratusi.

Sisi watoto tuliijua milango yote ya shamba lile kama tunavyojua nyuso za watu. Mlango wa ghala la mahindi ulikuwa mkubwa kuliko ukuta mzima wa nyumba yetu, nao haukufunguka bali uliteleza pembeni juu ya magurudumu ya chuma, ukinguruma. Tulipanda juu ya mbao yake ya chini na kusafiri nao mpaka mwisho, mpaka mtu atufukuze. Mlango wa jikoni kwa bwana ulikuwa wa wavu, na ulikuwa na springi iliyouvuta urudi wenyewe. Ukizubaa ulikupiga kisigino. Tuliamini springi ile iliwekwa kwa ajili yetu. Duka la Mhindi pale Rongai halikuwa na mlango hasa, bali mbao ndefu zilizosimamishwa moja baada ya nyingine ndani ya mfereji, kila moja na namba yake. Zikichanganywa, ya mwisho haikuingia, na mfanyakazi wa duka alilazimika kuzitoa zote na kuanza upya huku tukihesabu kwa sauti kumsaidia. Hakutushukuru hata siku moja.

Mlango wetu ulikuwa wa mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Bawaba zake zilikuwa vipande vya mpira wa gurudumu la trekta vilivyopigiliwa misumari. Wakati wa kiangazi mabanzi yalikauka na kuachana, na asubuhi miale ya jua ilipita katikati yake ikiwa imejaa vumbi, sisi watoto tukigombania kuikamata kwa mkono. Mvua za masika zikija mlango ulivimba. Ilibidi uuinue kwanza, halafu usukume kwa bega. Mama alitufundisha hivyo kabla ya kutufundisha kusali: "Inua, halafu sukuma." Vijana wa leo wakikuta mlango umekwama wanaupiga teke, kisha wanamwita fundi.

Kasoro ya mlango ule ilikuwa kwamba ulijua mambo mawili tu, kufungwa na kufunguliwa. Nyumba haikuwa na dirisha. Ukiufunga mchana, ndani kulikuwa giza na moshi wa jiko ulikosa pa kutokea. Ukiuacha wazi, kila kilichokuwa nje kiliingia, kuanzia kuku mpaka mbuzi, na kila kilichokuwa ndani kilitoka. Kwetu kilichotoka ni Wafula.

Wafula ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa ameanza tu kutembea vizuri, na alitembea kama mtu aliyechelewa kazini. Ukigeuka kukoroga sufuria, ameshafika kwa jirani. Ukimwita, anaongeza mwendo. Na mbele ya laini yetu, mahali ambapo hata mtoto angefika bila kuchoka, palikuwa na josho la ng'ombe, ule mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe mzima aliruka humo akazama mpaka pembe. Mtoto asingeonekana tena.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli huko Molo, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alichuma pareto kutoka alfajiri. Nyumbani alibaki nyanya yetu, mama yake baba, ambaye tulimwita Kukhu kama wanavyoita kwetu Bungoma. Kukhu alikuwa na macho makali na ulimi mkali zaidi, lakini miguu yake ilikuwa imevimba na haikumfikisha mbali. Aliweza kumwona Wafula akienda. Kumfuata hakuweza. Na mlango ukifungwa, moshi ulimshika kifua akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kwa hiyo alihitajika mtu wa kukimbia, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Shule ya shamba ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Kuandikishwa hakukuhitaji cheti. Mwalimu alikuambia upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukifika, umekua, ingia darasani. Mkono wangu ulikuwa umelifika sikio zamani. Mwaka wa kwanza Mama alisema, "Mwaka ujao, Nekesa." Mwaka uliofuata alisema vilevile, ila safari hiyo hakunitazama. Asubuhi niliwaona wenzangu wakipita na vibao vyao vya kuandikia, nami nikiwa nimemshika Wafula mkononi, na mkono ule nilioutaka ufike sikio ulikuwa sasa unalipita.

Jioni moja, miezi michache kabla ya shule kufungwa, mwalimu alipita laini akasimama mlangoni kwetu.

"Mama Nekesa," akasema, "huyu msichana akikaa tena nitamwandika na watoto wanaomfika kiunoni? Watamcheka, naye atatoroka. Januari nikifungua shule, aje. Asipokuja, basi tena."

"Atakuja," Mama akasema.

"Na mtoto atashikwa na nani?"

"Nimesema atakuja, mwalimu."

Mwalimu alipokwisha kwenda, Kukhu aliuliza kutoka ndani, "Atakujaje?" Mama alijibu kwamba hajui. Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyosemea atakuja, na mimi nilikosa usingizi kwa furaha siku hiyo, kwa sababu nilimjua Mama. Alikuwa mtu wa kufika mwisho wa jambo.

Miaka ile matrekta yalikuwa yanawafukuza farasi mashambani. Banda la farasi la bwana lilikuwa linageuzwa kuwa la matrekta, na ndani yake alibaki jike mmoja na mtoto wake. Tulipita hapo siku moja Mama na mimi, tukipeleka pareto kwenye kikaushio, Wafula mgongoni kwangu. Mlango wa farasi yule ulikuwa umekatwa katikati. Nusu ya juu ilikuwa wazi, nusu ya chini imefungwa. Jike alikuwa ametoa kichwa nje akitazama barabara, na nyuma yake tulisikia mtoto wake akikwaruza majani.

Mama aliweka kikapu chini.

"Nekesa, huyo mtoto ametoka?"

"Hajatoka."

"Mama yake anaona nje?"

"Anaona."

"Moshi ungekuwemo humo, ungetoka?"

"Ungetoka, Mama."

"Haya. Beba kikapu."

Milango mingine ya banda ilikuwa imeng'olewa na kutupwa nyuma, kwenye rundo. Mama alimwendea nyapara wa shamba, Mzee Barasa, mtu mnene wa filimbi na koti la kaki, akamwomba mmoja. Mzee Barasa aliupiga teke mlango mmoja kwa buti, vumbi la mchwa likatoka. "Chukua," akasema. "Hizo ni kuni tu."

Tuliuburuta mpaka laini, nusu moja kwanza, kisha nusu ya pili. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja tu. Mti wenyewe ulikuwa mwerezi, mwekundu ndani, na ulinukia hata baada ya miaka yote ile ya farasi. Mama alimwita Mzee Kimosop, aliyekuwa mtunza farasi, aje auweke, kwa makubaliano ya jogoo. Alikuja Jumamosi alasiri, posho ilipokwisha kugawiwa, na laini nzima ikaja kutazama.

"Mama Nekesa," akaita Mama Chebet, jirani yetu wa upande wa juu, "sasa umeanza kufuga farasi? Nyasi utatoa wapi?"

"Nitakata kwenye paa lako."

"Na ukimpanda utaenda wapi?"

"Nitakuja kwako kuomba chumvi, kama unavyokuja kwangu kila jioni."

Watu walicheka, na Mama Chebet alicheka kuliko wote. Mzee Kimosop hakucheka. Alifanya kazi yake kama alivyoifanya bandani kwa miaka mingi. Alipomaliza, mlango ulikaa sawasawa, ulifunguka kuelekea nje bila kelele, na nusu ya chini ilifungwa kwa komeo zuri la chuma. Alilisukuma komeo, likaingia taratibu. Akasimama kando apokee jogoo.

Kukhu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda chake akisubiri arudi ndani. Hakuinuka.

"Mama, ingia, baridi inashuka," Mama akasema.

"Komeo liko upande gani?"

Sote tuliligeukia komeo. Lilikuwa nje. Mlango wa farasi hufungwa kutoka nje. Hakuna aliyewahi kufikiria kumpa farasi komeo.

"Mlango wa nyumba hufungwa na aliye ndani," Kukhu akasema. "Anayefungwa na mtu wa nje ni mnyama, na mahabusu, na maiti. Mimi ni yupi kati ya hao?"

"Mama, ni komeo tu."

"Nimeuliza ni yupi."

Mwaka ule neno mahabusu halikuwa la mchezo. Kulikuwa na nyumba laini kwetu ambazo wanaume wake walichukuliwa na lori na hawakuwa wamerudi. Watazamaji walianza kuondoka mmoja mmoja. Mama alimgeukia Mzee Kimosop amwombe ahamishe komeo.

"Likiwa ndani farasi atalifungua," akasema mzee.

"Hakuna farasi, mzee!"

"Kila mtu leo ananiambia hakuna farasi. Basi mbona mlitaka mlango wake?" Akachukua jogoo wake akaenda.

Kukhu alikubali kuingia usiku ule kwa sharti kwamba nusu ya chini iachwe bila komeo. Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda kanisani kama kawaida, na Mama aliimba akiwa anautazama mlango wa kanisa. Jumatatu jioni, alipotoka kwenye pareto, alianza kuung'oa.

Alitaka kuugeuza wote. Alikuwa ameona jambo ambalo Kukhu alilisema kwa njia yake: komeo halikuwa kosa la pekee, mlango wenyewe ulielekea kusiko. Mlango wa zizi hufunguka nje kwa sababu mnyama anatolewa. Mlango wa nyumba hufunguka ndani kwa sababu mtu anapokelewa. Hatukuwa na keekee ya kutoboa, kwa hiyo Mama alipasha nondo kwenye moto mpaka ikawa nyekundu, akachoma matundu mapya ya misumari, nami nikishika mbao isicheze. Jioni ya kwanza tulitoboa upande usiofaa. Ya pili bawaba zilipishana, nusu ya chini ikawa inaburuza sakafu. Alizing'oa, akachomeka vigingi kwenye matundu ya zamani, akaanza tena. Mama Chebet alipita akasema, "Uuchome tu, upike nao." Mama alikuwa na misumari mdomoni; alitikisa kichwa. Jioni ya tatu Mama Chebet alirudi na taa yake ya chemni, akaishika mpaka tulipomaliza.

Sasa mlango ulifunguka ndani na komeo lilikuwa ndani. Kukhu alilivuta, akalirudisha, akasema, "Sasa ni mlango."

Haikupita wiki Wafula alikuwa amejua kulifungua. Tulimkuta amelivuta, anahema, yuko tayari kwa safari. Nilikaa chini nikalia, kwa kuwa Januari ilikuwa karibu. Kukhu alisogeza kigoda chake mpaka kwenye mlango, akakaa akiuegemeza ubavu, akamwita Wafula aje afungue. Wafula alivuta komeo. Akavuta mlango. Mlango unaofunguka ndani hauwezi kufunguka kama Kukhu amekaa mbele yake. Akajaribu tena, akajaribu kwa miguu, kisha akakaa chini akamtazama Kukhu kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote kati yetu.

Ilibaki nyapara. Habari ilimfikia kwamba kuna mtu wa laini ameweka mlango wa bwana kwenye nyumba ya laini, ambayo nayo ni ya bwana. Alikuja siku ya mapumziko akiwa na filimbi shingoni.

"Mama Nekesa, nilikupa kuni. Sikukupa mlango."

"Ni kuni hizo, Mzee."

"Kuni gani zina komeo?"

"Ulinipa zikiwa zimelala. Mimi nimezisimamisha. Siku nikikosa cha kupikia nitazilaza tena."

"Utaung'oa leo, au mimi nitamwambia bwana."

Mama alisimama ndani ya mlango, nusu ya chini ikiwa imefungwa kati yao. "Mzee Barasa," akasema, "huyu msichana anaanza shule Januari. Ukiung'oa mchana nitaurudisha jioni. Ukiuchukua, nitaukata katikati mlango wangu wa zamani wa mabanzi. Mwambie bwana. Nitamwambia hivyohivyo."

Alisema polepole, bila kuinua sauti. Mzee Barasa alisogea ajibu, akaweka viwiko vyake juu ya nusu ya chini, akaegemea. Nimeona baadaye kwamba hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya mlango wa namna ile bila kufanya hivyo. Urefu wake unakuita. Na ukishaegemea, huwezi tena kufoka. Unajikuta unatazama ndani, macho yanazoea, unamwona aliyeko.

Aliyekuweko ni Kukhu.

"Huyu anayefoka ni mtoto wa nani?" akauliza kwa lugha ya kwetu.

Mzee Barasa aliondoa kofia. Akataja baba yake. Kukhu akataja babu yake, na mto waliokuwa wakinywesha ng'ombe, na shangazi yake mmoja aliyekuwa na pengo. Waliongea mpaka uji ukaiva, akapokea kikombe kwa mikono miwili juu ya mlango ule, akanywa akiwa nje, viwiko vikiwa ndani. Hakusema uachwe. Hakusema ung'olewe. Alipomaliza alirudisha kikombe, akavaa kofia, akamwambia Mama, "Huo upande umeliwa na mchwa. Upake mafuta machafu ya trekta. Njoo uchukue kopo kesho."

Januari nilikwenda shule. Nilipofika kwenye kona ya ghala niligeuka nyuma. Nusu ya juu ilikuwa wazi na moshi unatoka taratibu. Kichwa cha Kukhu kilionekana, kimefungwa leso. Wafula hakuonekana, ila vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa juu wa mbao, vyote, kama ndege waliotua kwenye waya. Mwalimu hakuniambia nishike sikio. Alisema, "Kaa nyuma, usiwazibe wadogo." Nilisoma mpaka darasa la nne. Yote niliyoyajua baada ya hapo nimejisomea mwenyewe, lakini mtu hajisomei kama hakuna aliyemwonyesha herufi.

Milango ya nusu ilienea laini kwetu. Kabla ya uhuru ilikuwapo mingi, na Mzee Kimosop alikuwa akiiweka kwa jogoo mmoja mmoja, komeo likiwa ndani, akidai ni yeye aliyeivumbua.

Siku hizi nakaa mjini, Kiamunyi. Milango yetu ni ya chuma, mizuri, ina kufuli juu, kufuli katikati na kufuli chini. Geti lina kidirisha kidogo cha kuchungulia kwa jicho moja. Mgeni anapiga chuma, jicho linatokea, linauliza "Nani?", na kama ni kijana amerudi na rafiki zake wanasalimiana wao kwa wao kwa lile neno lao "sasa", wanapita moja kwa moja kwenye televisheni bila kujua kama kuna mzee amekaa sebuleni. Silaumu chuma. Wezi wapo, na sisi wenyewe tuliitaka milango hiyo.

Lakini mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Rhonda kumtembelea mama mmoja kijana wa kanisani kwetu anayeuza mboga. Mlango wake ulikuwa na kufuli kwa nje. Binti yake, wa umri wa kwenda shule, aliongea nami kupitia upenyo wa mabati, mdogo wake akilia nyuma yake. Nilimngoja mama yake arudi, nikamweleza kuhusu mlango wa nusu, urefu wake, bawaba zake, upande wa kufungukia. Nilimwambia nitamleta fundi wa kuchomelea vyuma na gharama ni yangu. Alisikiliza vizuri sana.

"Asante, mathe," akasema. "Lakini huyo nyanya wa kukaa nyuma yake nitamtoa wapi? Mama yangu yuko mashambani, na mimi chumba ni kimoja."

Alikuwa amesema kweli. Chuma kipo, mafundi wapo, na milango tunaijua kuliko Mama alivyoijua. Asiyekuwepo ni Kukhu. Tumewaacha kina Kukhu peke yao mashambani, milango yao wazi mchana kutwa, wakitazama njia.

Nimemwambia yule mama amlete mtoto kwangu kila asubuhi. Nina miguu mibovu, lakini kigoda ninacho. Binti ameanza shule Jumatatu.